Mtulinga umevunjika katikati, wiki ya 3 sasa: narudije kwenye njia za mawe bila kuuvunja tena?

Njia_ya_Mawe:

Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua baiskeli ya milimani na wanaoijua mifupa pia. Maelezo niliyopewa hospitali yameishia kwenye "pumzika wiki 6, kisha endelea na shughuli zako". Shughuli yenyewe ni kushuka miteremko ya mawe na mizizi, na maelezo hayo hayakuandikwa kwa kazi ya namna hiyo.

Hali ilivyo: mtulinga wa kushoto, umevunjika theluthi ya kati, vipande viwili vilivyopishana kidogo lakini bado vinagusana. Daktari alipima akasema mfupa umefupika kama milimita 8. Hakuna upasuaji, slingi tu (kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni). Vidole vina hisia zote, na mkono una joto na rangi yake ya kawaida. Wiki hii maumivu yameshuka ghafla, na hilo ndilo linanitia wasiwasi, kwa sababu sijui kama nafuu hii ni ya kuaminika.

Nataka kujua slingi ni ya mpaka lini na mazoezi yapi yanafaa kwa sasa, baiskeli ya stendi (iliyofungwa mahali pamoja ndani ya nyumba) inaruhusiwa lini, na kuna kipimo gani cha kujua bega liko tayari kwa mteremko zaidi ya kuhesabu wiki. Na kama kuna cha kubadilisha kwenye baiskeli yenyewe, nielekezeni.

Mnyoosha_Viungo:

Pole sana mkuu. Naanza na hayo maumivu, kwa sababu hapo ndipo waendesha baiskeli wanapoponzwa.

Maumivu ya mtulinga hutulia mapema kuliko mfupa unavyokomaa. Wiki ya 2 na ya 3 ncha mbili za mfupa zinashikwa na nyuzinyuzi na gegedu laini. Zikishashikwa zinaacha kusuguana, na maumivu yanaondoka. Ukipiga eksirei wakati huo utaona ufa bado uko wazi, maana gegedu halionekani kwenye eksirei. Kuanzia kama wiki ya 4 gegedu hilo linaanza kugeuka mfupa mchanga, na kwenye picha utaliona kama fundo lenye ukungu limezunguka mahali palipovunjika. Fundo hilo linatosha kubeba uzito wa mkono wako na kikombe cha maji. Halitoshi kupokea uzito wa mwili mzima pale gurudumu la mbele linapogonga jiwe na kila kitu kikasukumwa kwenye viganja. Kwa hiyo kuna kipindi, takriban wiki ya 4 hadi ya 8, ambapo mtu anajisikia mzima na mfupa wake si mzima. Wewe ndiyo unakiingia. Kiandike kwenye kalenda kwa wino mwekundu.

Mtulinga ni mfupa pekee unaoufunga mkono kwenye kiwiliwili. Kombe la bega nyuma limeshikiliwa na misuli tu. Kila mshtuko wa usukani unapita kiganjani, kiwikoni, begani, unamalizikia kwenye mtulinga. Mfupa wenyewe umepinda kama herufi S na theluthi yake ya kati ndiyo nyembamba kuliko zote, tena haina kano za kuuegemeza, ndiyo maana karibu mivunjiko 8 kati ya 10 hutokea hapo hapo. Ukishavunjika, msuli wa shingo unakivuta kipande cha ndani kwenda juu, uzito wa mkono unakivuta cha nje kwenda chini, na misuli ya kifua inakisogeza ndani. Slingi kazi yake kubwa ni moja, kuuondoa ule uzito wa mkono.

Basi ifungwe sawasawa. Kiwiko kizame mpaka mwisho wa mfuko, kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko, bega lisining'inie wala lisibanwe kuelekea sikioni. Mkanda usipite juu ya mahali palipovunjika. Uhamishie upande wa pili wa shingo na uweke kitambaa laini chini yake. Ukiambiwa kuhusu ile mikanda ya mfano wa namba 8 inayovuta mabega nyuma, iache. Haiungi mfupa vizuri zaidi ya slingi ya kawaida, na inabana makwapa.

Kwa mvunjiko kama wako slingi huvaliwa muda wote kwa wiki 2 hadi 3. Baada ya hapo vaa ukitoka nje, kwenye watu wengi na usiku, huku ukiiacha taratibu hadi wiki ya 6. Usiipende kupita kiasi. Bega lililofungwa wiki 6 bila kuguswa huganda, na kulilegeza huchukua muda mrefu kuliko mfupa wenyewe ulivyochukua kuunga.

Mazoezi ya sasa, mara 3 au 4 kwa siku:

Vidole, kifundo cha mkono na kiwiko: kunja na kunjua mpaka mwisho, mara 20. Watu wengi husahau kiwiko, na kiwiko kilichokaa kwenye pembe ya digrii 90 kwa wiki 3 hukakamaa.

Pendulamu: inama, shika meza kwa mkono mzima, yaani usioumia, acha ule mgonjwa uning'inie kama kamba. Uyumbishe kwa kusogeza kiuno, wala si kwa nguvu ya bega. Mduara uanze na ukubwa wa sahani ndogo, dakika 1 kila upande. Kosa la kawaida ni kuuzungusha mkono kwa misuli ya bega lenyewe. Ukifanya hivyo unaivuta ile ile misuli inayotenganisha vipande.

Makombe ya bega: kaa wima, yarudishe nyuma na chini kidogo, shikilia sekunde 5, mara 10. Usiyabane kwa nguvu zote. Lengo ni kuiamsha misuli inayolala ukiwa kwenye slingi.

Wiki ya 3 hadi ya 6 ongeza fimbo: ishike kwa mikono yote miwili, mkono mzima uusukume ule mgonjwa kupanda mbele, ukomee usawa wa bega. Kupita usawa huo mtulinga huanza kujizungusha kwenye mhimili wake, na mfupa mchanga haupendi kusokotwa. Unaweza pia kusukuma ngumi ukutani huku kiwiko kikiwa ubavuni, kwa nguvu ya robo tu, sekunde 5 mara 10, mbele, nyuma na pembeni. Usinyanyue kitu kizito kuliko kikombe mpaka eksirei ya wiki ya 6 ionekane nzuri.

Baada ya hiyo eksirei mkono unaruhusiwa kupanda mpaka juu, na raba za mazoezi zinaingia: kuvuta kama unapiga kasia, kuzungusha mkono nje kiwiko kikiwa ubavuni, na kusukuma mbele. Seti 3 za mara 15, raba nyepesi kwanza. Pushapu za ukutani wiki ya 8, za mezani wiki ya 10, za chini wiki ya 12. Maumivu yakizidi 3 kati ya 10, au yakiendelea mpaka asubuhi ya pili, rudi hatua moja nyuma.

Eksirei uiombe kwa pembe mbili, moja ya mbele na moja ambayo mashine imeinamishwa kutazama juu. Ya mbele peke yake huficha kupishana kwa vipande.

Na kama unavuta sigara, acha sasa hivi, hata kama ni kwa miezi hii 4 tu. Katika yote yaliyo mikononi mwako, hakuna kinachozuia mtulinga kuunga kama hicho.

Njia_ya_Mawe:

Asante sana, umenifungua macho. Pendulamu nilikuwa naifanya kwa bega, nimeshaiacha leo. Usiku je? Kulala chali kunaumiza na nikiamka bega limekakamaa. Na nimesoma kwamba mfupa ukifupika lazima ufanyiwe upasuaji, ni kweli?

Mnyoosha_Viungo:

Usilale bapa. Inua mgongo digrii 30 hadi 45, kwa mito au kiti kinacholala. Kisha weka mto mwembamba chini ya mkono wote kuanzia kiwiko mpaka kiganja, ili kiwiko kisishuke nyuma ya mstari wa mwili. Hapo ndipo penye siri ya usiku, kwa sababu kiwiko kikishuka, bega hurudi nyuma na vipande huvutana. Mto mwingine weka ubavuni usigeuke usingizini.

Kuhusu kufupika, kiwango ambacho madaktari wengi huanza kuzungumzia bamba (kipande cha chuma kinachofungwa kwenye mfupa kwa skrubu) ni sentimita 2. Mambo mengine yanayosukuma upasuaji ni vipande vilivyoachana kabisa bila kugusana, mfupa uliopasuka vipande vingi, ngozi iliyovutwa juu kama hema mpaka ikapauka, mfupa uliotokeza nje, mshipa wa damu au wa fahamu ulioumia, na mivunjiko ya ncha ya nje iliyokata kano zinazoushikilia mtulinga chini. Milimita 8 huku vipande vinagusana ni eneo la slingi. Lakini vipande huweza kusogea wiki za mwanzo, kwa hiyo kama hukupigwa picha ya pili wiki ya 1 au ya 2, iombe.

Mteremko_Mrefu:

Nachukua upande wa baiskeli.

Stendi ya ndani inawezekana kuanzia wiki ya 2 au ya 3, ilimradi kanuni ya mkono mmoja isivunjwe: mkono mgonjwa unabaki kwenye slingi na haugusi usukani hata kidogo. Inua gurudumu la mbele kwa kipande cha mbao cha sentimita 8 hadi 10 ili ukae wima. Ukikaa wima uzito wote unahamia kwenye tandiko, kwa hiyo simama kwenye pedali kwa upole kila dakika 5 kabla ganzi haijaanza, au fupisha mazoezi. Dakika 20 hadi 30, mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima. Usitumie gia nzito. Ukikanyaga kwa nguvu kiwiliwili huyumba, mkono mzima huvuta usukani, na bega la pili hujikaza bila wewe kutaka.

Hatari yenyewe si kukanyaga, ni kupanda na kushuka. Weka stuli imara pembeni, shuka upande wa mkono mzima. Na kama bado unameza dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi au kizunguzungu, stendi ingoje.

Usikate chakula kwa sababu huendeshi. Mfupa unajengwa kwa protini na nishati. Gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kipimo kizuri.

Sasa vipimo. Kalenda inakwambia mapema kabisa ni lini, haikwambii kwamba uko tayari. Barabara laini isiwe kabla ya wiki ya 6 hadi 8. Njia ya msituni isiyo na vikwazo, wiki ya 10 hadi 12. Miruko, kudondoka kutoka kwenye miamba na mashindano, wiki ya 16 au zaidi. Kabla ya kuingia msituni, yote haya yapite:

Eksirei inaonyesha fundo la mfupa limevuka ufa, na daktari ameliona. Bonyeza kwa kidole gumba mahali palipovunjika, kwa nguvu ya kubonyeza embe bivu: pasiume. Mikono yote miwili inapanda sawa mbele ya kioo, bega moja halitangulii. Planki ya viganja (kujishikilia kama mwanzo wa pushapu bila kushuka) sekunde 60. Pushapu 15 za chini, kifua kinashuka sawa pande zote. Kuning'inia kwenye chuma sekunde 20.

Kisha kile ambacho watu hukiruka: simama hatua moja kutoka ukutani, jiangushe mbele, jidake kwa viganja, jirudishe. Mara 10. Pushapu hupima nguvu ya polepole, na mteremko haukusukumi polepole. Kujidaka ukutani kunapima kama bega linaweza kupokea mshtuko ambao halikujiandaa nao. Ukipita, rudia meza ikiwa badala ya ukuta. Ukijikuta unageuza mwili ili bega zima litangulie kupokea, bado hujawa tayari, hata kama hakuna maumivu.

Safari ya kwanza iwe njia unayoijua kwa kufumba macho, dakika 45, pakavu, asubuhi ukiwa na nguvu. Shuka mara moja tu hata kama umejisikia vizuri. Ngoja saa 24. Bega likiwa halina malalamiko, ongeza robo ya muda safari inayofuata. Usiongeze muda na ugumu wa njia kwa siku moja.

FundiSpoku:

Kabla hamjamrudisha mtu kwenye baiskeli, ile baiskeli iliyoanguka naye imekaguliwa? Anguko lililovunja mtulinga lilikuwa na nguvu ya kutosha kuvunja usukani pia, ila usukani unaweza kungoja mpaka siku ya kurudi ndiyo ukatike.

Fungua usukani utoke kabisa. Angalia mahali panapobanwa na stemu (kipande kinachoushika usukani) na mahali panapobanwa breki. Kama ni wa kaboni na una mkwaruzo unaoshika ukucha, au unatoa mlio wa "tik" ukiukandamiza, usitumike tena. Kama ni wa alumini, ulaze juu ya meza iliyo sawa; ukicheza upande mmoja umepinda, na uliopinda haunyooshwi, unabadilishwa. Kofia ngumu pia. Povu la ndani likishakandamizwa mara moja halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Halafu sikio la kushikilia derela (kifaa cha kuhamisha mnyororo kwenye gia), ringi za magurudumu, na beringi za shingo.

Ukirudisha stemu, kaza skrubu kwa kupokezana, mapengo ya juu na chini yalingane, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi Nm 5. Mikono ya breki ikaze kiasi ambacho baiskeli ikianguka itazunguka badala ya kuvunjika.

Sasa marekebisho ya kipindi cha kurudi. Lengo ni kupunguza mambo mawili, uzito unaoegemea viganja na mshtuko unaofika begani.

Urefu wa usukani: hamisha ringi za nafasi (vipete vidogo vya kujaza nafasi) kutoka juu ya stemu kwenda chini yake, upandishe milimita 10 hadi 20. Kama shina la foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) limeshakatwa fupi na hakuna ringi za kuhamisha, nunua usukani wenye mwinuko mkubwa zaidi. Usipandishe zaidi ya hapo, kwa sababu gurudumu la mbele litakuwa jepesi na kona zitaanza kuteleza, na kuteleza ndiko kunakoangusha.

Upana: usukani wa milimita 800 unafungua kiwiko mbali na mwili na kulilazimisha bega. Usikimbilie kuukata. Legeza gripu (vishikio vya mikono) na breki, zisogeze ndani milimita 10 kila upande, jaribu safari 3. Ikiwa nafuu ni kubwa ndipo ukate. Ukishakata, hakuna kurudi.

Breki ndiyo inayosahaulika zaidi. Breki dhaifu humfanya mtu avute kwa vidole viwili au vitatu, mkono wote ukakaza, kiwiko kikanyooka, na mshtuko ukapanda moja kwa moja hadi kwenye mfupa. Toa hewa kwenye mfumo, weka pedi mpya, zizoeshe kwa kufunga breki mara kadhaa mpaka zishike. Sogeza wenzo uwe karibu, ncha ya kidole cha shahada iufikie bila kunyoosha kiganja. Kama foki inaruhusu na una diski ya milimita 180 mbele, weka ya 200 na adapta yake. Kidole kimoja kitoshe kusimamisha gurudumu. Kama breki ya mbele iko upande ulioumia, usihamishe mipira ya breki kwenda upande wa pili. Kwenye hatari mkono hufuata mazoea, na mazoea yako yatavuta breki isiyo sahihi.

Foki: kama ilikuwa inazama asilimia 20 ukikaa tuli, shusha upepo mpaka izame asilimia 25. Ukishashusha, fungua kirekebishi cha kasi ya kurudi juu mibofyo 1 au 2, ili irudi haraka zaidi. Hapa wengi hukosea kwa kuifunga, wakidhani kurudi polepole ni ulaini. Foki inayorudi polepole haijarudi juu jiwe la pili linapofika, inazidi kuzama, na jiwe la nne linagonga moja kwa moja mikononi.

Tairi lisilo na tyubu: punguza upepo psi 2 mbele kutoka kwenye kipimo chako cha kawaida. Ukisikia ringi inagonga miamba, rudisha psi 1.

Bi_Pedali:

Naongeza kwa wale watakaosoma uzi huu wakiwa na bamba, kwa sababu wao hupotoshwa kwa namna nyingine. Watasikia kwamba mwenye bamba hurudi mapema. Bamba hupunguza maumivu mapema na hushikilia vipande mahali pake. Kwa mivunjiko iliyoachana kabisa limeonyesha pia kupunguza mifupa isiyounga. Lakini kasi ya kuunga kwa mfupa wenyewe haiongezi.

Bamba na skrubu hubeba mzigo kwa niaba ya mfupa ambao bado haujaunga. Chuma kikipindishwa na kurudishwa mara maelfu huchoka. Mtu akishuka mawe wiki ya 5, skrubu hulegea au bamba linapinda, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Na ukianguka tena, mfupa hupenda kuvunjika pale bamba linapoishia, kwa sababu hapo ugumu wa chuma unakutana na mfupa wa kawaida.

Kwa vitendo: jasho lisiguse kidonda mpaka nyuzi zitoke na ngozi ifunge kabisa, kwa kawaida siku 10 hadi 14, hata kwa stendi. Ganzi ya kiraka cha ngozi chini ya kovu ni ya kawaida, inatokana na mishipa midogo ya fahamu inayopita juu ya mtulinga. Hupungua kwa miezi na wakati mwingine haiishi yote. Mkoba wa mgongoni unakandamiza skrubu, hivyo hamia mkoba wa kiunoni na chupa ya fremu. Kama lazima ubebe wa mgongoni, shona chini ya mkanda sponji ya milimita 10 yenye tundu mahali palipo na bamba, mzigo ukae pembezoni mwa tundu. Mkanda wa gari nao ni vivyo hivyo, kaa upande ambao mkanda unapita bega zima.

Kuondoa bamba kwa kawaida kunangojewa mwaka mmoja au zaidi, na si lazima kama halikusumbui. Ukiliondoa, kumbuka yale matundu ya skrubu. Mpaka yajae mfupa, mtulinga ni dhaifu, kwa hiyo hesabu wiki 6 hadi 12 nyingine bila njia za mawe. Panga uondoe mwishoni mwa msimu wako wa kuendesha.

Njia_ya_Mawe:

Nawashukuru wote. Swali la mwisho. Nikiufanyia mkono ile fimbo, kuna mlio wa "tak" pale palipovunjika au karibu yake. Hauumi. Ni wa kuogopa? Na vipi kuhusu woga wenyewe, maana nikifikiria kona ile mabega yanakaza.

Mnyoosha_Viungo:

Weka vidole viwili vya mkono mzima juu ya mahali palipovunjika, kisha rudia. Kama mlio unatoka nyuma, kwenye kombe la bega, na mfupa chini ya vidole umetulia, ni misuli iliyolala kwa wiki 3 na utapotea mazoezi ya kombe yakiendelea. Kama unasikia kitu kinasogea chini ya vidole, acha fimbo, rudi kwenye pendulamu, na uonane na daktari wiki hii. Wiki ya 3 kusogea kidogo kunaweza kuwepo. Wiki ya 12 kusogea au kukwaruza si kawaida, hata bila maumivu, na ni dalili kwamba mfupa haujaunga. Mivunjiko iliyoachana kabisa bila upasuaji ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, takriban 15 kati ya 100 haiungi. Wako unagusana, uko mahali pazuri zaidi.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja miadi: ganzi mpya au udhaifu wa vidole, mkono kuwa wa baridi au kupauka, mkono ulioumia kuvimba wote, kukosa pumzi, ngozi juu ya mfupa kupauka na kung'aa. Kwa wenye kidonda, homa au usaha.

Mteremko_Mrefu:

Kuhusu woga, usiupuuze, maana mwili ulioogopa hunyoosha viwiko, na viwiko vilivyonyooka ndivyo vinavyopeleka mshtuko kwenye mtulinga. Ile kona ifikie kwa miguu kwanza. Tembea juu mpaka chini, chagua mstari wako, tazama mahali pa kutokea, wala si jiwe lililokuangusha. Siku ya kwanza ishuke ukisukuma baiskeli, ya pili ishuke ukiwa umeketi polepole mguu mmoja nje. Ya tatu ndiyo uiendeshe, viwiko vimekunjwa na kutazama nje, kifua chini, uzito kwenye pedali. Ukiweza kuchezesha vidole vyote isipokuwa kidole cha breki huku unashuka, uzito uko mahali pake. Ukishindwa kuvichezesha, mikono ndiyo inayokubeba. Simama, pumua, anza upya.

Na kuanguka kunafundishika. Mtulinga huvunjika zaidi kwa kutua na ncha ya bega. Baada ya wiki ya 16, juu ya godoro nene, fanya mazoezi ya kujiviringisha: kidevu kifuani, mikono imekunjwa karibu na mwili, utue nyuma ya bega na upite mgongoni kwa mshazari kuelekea nyonga ya pili. Anza ukiwa umepiga magoti, kisha kuchuchumaa, kisha kusimama, mara 5 kila upande. Upande ulioumia uwe wa mwisho kujaribu.